Umri wa Jani la Kisimani

Sikuwa na nia ya kudanganya mamilioni ya miaka. Nilitaka kudanganya siku tatu tu, Jumanne hadi Alhamisi, na hata hizo nilitaka kumdanganya mke wangu peke yake. Mamilioni yalinidandia mgongoni yenyewe, wakati natafuta pa kutokea.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hilo kwa adabu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hulisema kwa namna nyingine. Huku kwetu Kishapu mwanamume akivuna pamba na bei ikamchefua, hubeba sururu akaelekea Kahama, au Geita, au popote aliposikia kuna watu wamepata. Karibu wote niliomaliza nao kidato cha nne wamewahi kuingia duarani, yaani kwenye lile shimo la mchimbaji linaloshuka wima kama koo la twiga. Mimi Geita nimefika mara moja. Nilioneshwa duara, nikachungulia, nikauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

"Shemeji," huniambia, "siku ukifa hatutahangaika na kaburi. Tutafunga mlango tu."

Ndivyo tulivyo. Yeye haki yake ni kunitania, mimi haki yangu ni kunywa chai yake kabla hajaiona.

Mwaka huu mke wangu alitangaza kwamba amechoka kwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto. Alitaka kisima uani. Akamwita kaka yake kutoka Kahama, ambaye amechimba dhahabu miaka mingi kiasi kwamba akikaa juu ya ardhi muda mrefu anaanza kukohoa. Kaka akaja na mwenzake mmoja, winchi ya miti, kamba, ndoo na sururu mbili. Mimi nikapewa usimamizi.

"Unakaa hapa kwenye kiti," mke wangu alinielekeza Jumatatu asubuhi, akiwa anafunga robota la mitumba anayouza kwenye magulio. "Unaangalia kamba isikatike, mbuzi asitumbukie. Hufanyi kitu. Unaangalia tu. Hiyo nayo utaiweza?"

Nikasema nitaiweza, na Jumatatu niliiweza vizuri sana. Jumanne jua lilihama, kivuli kikahama, nami nikakifuata kivuli hatua kwa hatua mpaka kikanifikisha sebuleni. Redio ilikuwa huko. Kochi nalo lilikuwa huko. Jumatano sikuona sababu ya kupitia kwenye kiti kwanza. Shemeji hakusema neno, kwa kuwa chai nayo ilikuwa huko, na mimi nilikuwa mwepesi wa kuimimina.

Jioni nilikuwa na utaratibu wangu. Nikisikia sauti ya mke wangu kwa mbali akisalimiana na watu njiani, natoka mbio, nachota vumbi la kifusi, najirushia kwenye suruali na kidogo kwenye nyusi, nakaa kitini.

"Mmefikia wapi?" anauliza.

"Leo mwamba umegoma kidogo," najibu, maneno niliyokuwa nimeyasikia dirishani.

Alhamisi jioni wakagonga unyevu, wakasema inatosha. Kilichobaki ni kuzungushia makaravati, zile pete kubwa za zege, ili kuta zisimomonyoke. Ijumaa shemeji na mwenzake wakaenda Mhunze kutafuta mkokoteni wa ng'ombe wa kuyabeba. Na Ijumaa hiyohiyo, saa nne asubuhi, akaja mtaalamu.

Alikuwa binti wa umri wa mtoto wangu wa pili, ana mabuti, ana nyundo kiunoni, ameshuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi la halali mwili mzima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kama ni almasi, hatuna."

Akacheka kama mtu aliyeambiwa hivyo kwenye kila nyumba. Huku kwetu mtu akiinama kuokota jiwe, kumi wanainama naye. Akaeleza kwamba anasomea mimea ya kale iliyogeuka mawe, visukuku vya majani, na kwamba anazunguka akiuliza nani anachimba kisima au choo, maana ndiyo njia rahisi ya kuona tumbo la nchi bila kulipasua mwenyewe.

Nikampeleka kwenye kifusi. Akaokota kipande bapa cha mwamba, kile ambacho mke wangu alikuwa amekwisha kukipangia kazi ya sakafu ya bafu, akakisimamisha ubavu, akakigonga kidogo. Kikafunguka pande mbili kama haragwe lililoiva. Ndani mlikuwa na jani. Si picha ya jani, jani kabisa, la kahawia, lenye vijani vidogovidogo vimejipanga kulia na kushoto.

"Huo ni mgunga," nikasema.

"Ni wa ukoo mmoja na mgunga," akasema. "Tuseme shangazi yake wa mbali."

Beberu wangu alikuwa ameshafika kumsalimia shangazi. Binti akamzuia kwa goti, akalifunga jiwe kwenye karatasi ya chooni kama anayemfunga mtoto nepi.

"Baba, hapa unapokaa palikuwa ziwa. Ziwa dogo, refu kwenda chini, ndani ya mdomo wa volkano iliyokwisha kufa. Majani yaliangukia majini, yakazama, tope laini likayafunika."

"Ziwa? Mke wangu anatembea nusu saa kutafuta maji."

"Basi amechelewa."

"Kwa muda gani?"

"Mamilioni ya miaka. Mamilioni mangapi, ndilo swali lililonileta."

Hapo nikaona nafasi ya kuonyesha kwamba ada niliyolipiwa haikuliwa na mchwa. Nikamwambia apime kaboni. Akasema, kwa upole, kwamba kaboni ni kwa mambo ya juzijuzi. Hili jani limezeeka mpaka kaboni ya kupimia imekwisha kabisa ndani yake. Kisha akainama tena kwenye kifusi, akachimbachimba, akatoa bonge jeupe lililokuwa linamong'onyoka vidoleni.

"Hii ndiyo bahati yangu. Haya ni majivu. Volkano nyingine ilitema, upepo ukayaleta, yakatua ziwani kwa siku chache tu. Ndani yake mna vipunje vigumu, vidogo kuliko chumvi, vyenye madini ya urani. Urani hugeuka madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Maabara wakipima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, wanajua majivu yalitua lini."

"Basi umemaliza."

"Nimepata umri wa majivu, baba. Wa jani bado. Ardhini, jani lilikuwa juu ya majivu au chini yake? Tope la chini ndilo lililotangulia kutua. Likiwa chini, jani ni la zamani kuliko majivu. Likiwa juu, limekuja baadaye."

"Kama michembe kwenye kihenge," nikasema. "Viazi vikavu vya mwaka jana viko chini, vya mwaka huu juu."

Alifurahi sana. Alisema atautumia mfano huo kwa wanafunzi. Mimi mtu akinisifu huwa siwezi tena kurudi nyuma.

Akaniambia amekwisha kupita visima vinne, vyote vimezungushiwa zege, hakuna ukuta wa kuona. Hiki cha kwetu kilikuwa cha kwanza kilicho uchi. Akamulika tochi, kuta zilikuwa zimepakwa tope na ndoo iliyokuwa ikipanda na kushuka, halionekani tabaka hata moja. Akataka kushuka. Nikamwambia wanaozungusha winchi wamekwenda Mhunze na mgongo wangu una historia. Akatazama kifusi, akatikisa kichwa.

"Kifusi hakiaminiki. Ndiyo maana namtafuta mtu aliyeona kwa macho ndoo zikitoka. Wewe ulikuwepo?"

Sijui ningejibu nini. Naamini, labda, ningesema kweli. Lakini Ijumaa si siku ya gulio, na mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Alikuwepo," akajibu yeye, bila kuinua kichwa. "Siku nne hizo zote. Suruali zake si nimezifua mimi? Vumbi tupu."

Binti akanigeukia, kalamu mkononi.

"Kila ndoo," nikasema.

"Jani juu, au majivu juu?"

Nikatazama kifusi kwa kupitia bega lake. Vipande vya majani vilikuwa vimelala juu kabisa. Weupe ulikuwa chini, alipochimbachimba. Nikawaza kwamba anasema kifusi hakiaminiki kwa sababu ya kuku wanaokiparua.

"Jani juu," nikasema. "Majivu chini. Nakumbuka kama sasa hivi."

Akaandika. Akasema atarudi kesho asubuhi kuchukua mizigo yake ya mawe, maana mchana anapanda basi la Shinyanga na likizo yake ya utafiti imekwisha. Akaniita shahidi wake. Nikamsindikiza mpaka kwenye bodaboda nikitembea kama diwani.

Jumamosi mke wangu aliamka na hasira na kihenge. Si kile kikubwa cha nje, ni kile kidogo cha jikoni tunachowekea michembe.

"Kila siku tunakula mipya ya juu, ya zamani inaliwa na wadudu huko chini. Leo tunaanza na ya zamani. Shika mkeka."

Nikashika mkeka. Akakipindua kihenge chote, puu, akakinyanyua. Pale juu ya lundo, kwenye kilele, ikakaa michembe ya mwaka jana, myeusi, ina matundu kama filimbi. Mipya ilikuwa chini, imefunikwa.

Nilikaa nikiitazama. Ndoo ya kwanza ya shimo inatoka na udongo wa juu, inamwagwa chini. Ya pili inamwagwa juu yake. Ya mwisho, ya kina kabisa, ndiyo inayokaa kileleni. Kifusi chote ni nchi iliyolala kichwa chini miguu juu, na mimi nilikuwa nimekisoma kama gazeti.

"Mbona unaangalia michembe kama umeona chatu?" mke wangu akauliza.

"Mayu wane," nikasema, nikimwita mama yangu kwa Kisukuma.

Nje nikasikia mkokoteni. Shemeji alikuwa amefika na makaravati, ng'ombe wanahema, yeye anapiga mluzi. Pete za zege zikishuka, ukuta umekwisha. Hakuna atakayeuona tena, si mimi, si binti, si maabara. Na kwenye daftari la mtu mwaminifu jani litabaki dogo kwa umri kuliko majivu, kwa ushahidi wa mtu aliyekuwa kwenye kochi.

Nikatoka.

"Mwangaluka shemeji! Hebu tupumzike kwanza, tunywe chai."

"Mwangaluka. Kupumzika? Hatujaanza."

"Naona hiyo kamba imechakaa."

"Kamba mpya. Nimenunua jana."

"Ng'ombe hawa si wanahitaji—"

"Shemeji," akasema, akiweka mkono begani kwangu, "sema."

Nikamvuta pembeni, nyuma ya choo, nikamuuliza kwa sauti ya chini: ule mwamba mweupe na ule wenye majani, upi ulitangulia kutoka? Alinitazama. Uso wake ukaanza kufunguka polepole, kama mlango wa banda.

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye msimamizi?"

"Punguza sauti."

"Mwamba mweupe!" akapiga kelele kwa furaha. "Mwenzangu, hebu njoo usikie, msimamizi kapotelewa na mwamba!"

Mwenzake alipokuja ikawa vibaya zaidi. Shemeji alidhani weupe ulitoka Jumatano, mwenzake akaapa ni Alhamisi. Walikuwa wanachimba kwa zamu, kwenye giza, vumbi machoni, wanachotafuta ni maji. Nani aangalie rangi? Hakuna aliyejua. Aliyepewa kazi ya kujua nilikuwa mimi.

Na bodaboda ikasimama langoni. Binti ameshuka, anatabasamu, ameniletea soda.

Soda ndiyo iliyonimaliza. Nikaishika ya baridi mkononi, mke wangu yuko mlangoni na ungo, shemeji na mwenzake wamekunja mikono wakisubiri kama watu waliolipa kiingilio.

"Mwanangu," nikasema, "lile jani. Mimi sikuliona likitoka. Nilikuwa ndani."

"Ndani ya shimo?" akauliza, kwa matumaini.

"Ndani ya nyumba."

Mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea na maisha yake.

"Siku gani?" mke wangu akauliza.

"Jumanne."

"Jumanne."

"Na Jumatano. Alhamisi nilitoka mara mbili."

"Na vumbi?"

"Nilijirushia."

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Aliweka ungo chini taratibu, akasema kwa sauti ya mtu anayekagua kitambaa cha mtumba, "Nimefua vumbi la kujirushia. Kwa sabuni ya unga."

Binti yeye alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili. Alisema jana jioni alimpigia mwalimu wake simu kwamba jani liko juu ya majivu, na mwalimu alifurahi sana, kwa sababu jibu hilo lilikuwa geni na lingewafanya watu wabishane. Hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja tu: "Makaravati mmeshashusha mangapi?"

"Hata moja," shemeji akajibu.

"Basi nashuka."

Shemeji akaacha kucheka. Akakuna shingo. "Hapo dada yangu tuelewane. Mimi ni mtu wa duara. Kwetu sisi mwanamke haingii duarani. Ni mwiko. Dhahabu inakimbia, kuta zinakasirika. Nimeona kwa macho yangu."

"Ashuke msimamizi," mwenzake akapendekeza, na wote wakanitazama.

Nilitazama mdomo wa shimo. Ulikuwa mweusi na ulikuwa unatoa ubaridi. Nilisema kwamba hata nikishuka, mtu aliyeapa jana uongo leo nani atamwamini akisema yuko chini na anaona weupe? Ilikuwa hoja nzuri, na nitakiri kwamba sikuitoa kwa ajili ya sayansi.

Aliyekata shauri ni mke wangu.

"Kaka," akasema, "humo ndani kuna dhahabu?"

"Hakuna."

"Maji yakipatikana atakayechota ni nani? Wewe?"

"Hapana."

"Basi hilo si duara. Ni kisima, na kisima ni cha wanawake tangu enzi za bibi yako. Mwiko wako ukauache Kahama ulikoutoa. Mfunge mgeni kamba vizuri, kwapani na mapajani. Na huyu" — hakuninyooshea kidole, alielekeza kidevu — "ashike winchi."

Mtu aliyekaa miaka chini ya ardhi bila kuogopa alikwenda kuchukua kamba kama alivyoambiwa.

Nikashika winchi. Shemeji mkono mmoja wa mti, mimi mwingine. Binti akavaa kofia ngumu, akabeba tochi, brashi na chupa ya maji ya kusuuzia ukuta, akakaa kwenye kitanzi cha kamba, akatoweka. Kamba ikawa nzito mikononi mwangu kwa namna ambayo sijawahi kuhisi kitu kizito. Ile soda mtu alikuwa ameshaninywea.

"Taratibu, shemeji," shemeji akaninong'oneza. "Huyo si gunia la pamba." Na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani wowote.

"Simameni!" sauti ikaja kutoka chini.

Tukasimama. Tulisikia maji yakimwagika, brashi ikikwangua. Mke wangu alikuwa amekuja mpaka ukingoni, amepiga magoti, ameinamisha kichwa. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya masikio na sikuthubutu kulifuta.

"Nimeona majivu!" akapaza sauti. "Mkanda mweupe, unazunguka shimo zima!"

"Na majani?" mke wangu akaita.

"Bado! Nishusheni kidogo!"

Tukashusha. Shibiri moja, mbili, tatu. Nilijikuta naomba, mimi ambaye tangu jana nilikuwa shahidi wa jambo hili, angalau safari hii mtu ajue kweli.

"Yako huku!" Sauti ilipanda ikiwa inacheka. "Majani yako chini! Majivu yako juu yake! Kote, kuzunguka! Mama, umesikia? Jani ndilo kubwa!"

"Nimesikia, mwanangu," mke wangu akajibu. "Jani ndilo kubwa."

Alikaa huko chini mpaka viganja vyangu vikachubuka, anapima, anapiga picha, anachonga vipande vya ukuta na kuvitia kwenye vifuko kwa mpangilio wake. Tulipompandisha alikuwa mweupe kwa majivu mpaka kope. Akajifuta mikono kwenye suruali, akampigia mwalimu wake hapohapo, akasema alikosea, akasema amekwisha kuona mwenyewe. Hakutaja kochi. Alisema, "Shahidi alijirekebisha." Nilimpenda sana kwa neno hilo.

Halafu akafungua daftari kwenye ukurasa wa jana, akapiga mstari mmoja mwembamba katikati ya maneno, akaanza kuandika upya chini yake.

Nikasogea. Maneno ya jana yalikuwa bado yanasomeka vizuri kabisa.

"Mwanangu, si ungefuta yote? Paka wino. Chana hata ukurasa."

"Hatufuti, baba. Kwenye daftari la porini kosa linapigwa mstari mmoja, linabaki. Atakayesoma baadaye aone tulikosea nini na tulijuaje."

"Atakayesoma ni nani?"

"Yeyote. Madaftari haya yanatunzwa chuoni."

"Muda gani?"

Akafikiri. "Sijawahi kusikia limetupwa."

Mke wangu akanyoosha mkono. "Hebu nione hayo yaliyopigwa mstari."

Binti akampa. Mke wangu akalishika daftari mbali kidogo na macho, kama anavyoshika risiti, akasoma kwa sauti: "Mwenye kisima anasema alishuhudia kila ndoo ikitoka. Anakumbuka kama sasa hivi."

Akasoma tena, polepole zaidi. Kisha akamwita kaka yake, aliyekuwa ameshaanza kulifungia kamba karavati la kwanza, aache kazi kidogo aje naye asikie.